Zimwi Mganga

Saa nne usiku, Liepāja. Vizma ameegesha tramu karakanani,
amevua buti zenye theluji, amevaa vipokea sauti,
na skrini inamwuliza kabila
kabla ya kumwuliza kazi.

Kila mtu anajua jibu.
Mganga ni elfi: vidole vyembamba, masikio marefu,
roho imeongezewa kumi tangu tumboni mwa mama.

Yeye alibofya zimwi.

Zimwi la kijani kibichi, meno nje, bega kama mlango wa ghala.
Joho la uganga lilimwishia magotini.
Fimbo takatifu ilikaa mkononi mwake
kama kijiti cha kuchokolea meno.
Na pembeni, kwa maandishi madogo mekundu:
roho, kasoro kumi na mbili.

Mimi nilikuwapo. Mimi wa Klaipėda, chini kidogo ya pwani hiyohiyo,
kibeti mwenye shoka na ndevu za kusuka
kama vibeti wote wenye shoka na ndevu za kusuka.
Sikuchagua. Nilifuata foleni.

Rihards, kiongozi wetu, miaka kumi na tisa, mtu wa majedwali,
alisema: "Badilisha, au tafuta kundi jingine.
Hesabu haidanganyi."
Vizma hakujibu. Tulimsikia akitafuna kitu kikavu
karibu mno na maikrofoni.

Ukimwuliza kwa nini, hukupa jibu la siku.
Jumatatu: nilibofya vibaya.
Alhamisi: napenda kijani.
Mara moja tu, seva ikisuasua, tumebaki wawili tukingoja wenzetu warudi,
alisema bila kuulizwa
kwamba akiwa na miaka kumi na mitatu alifika mita moja na themanini na tano,
kwamba kocha alimpima kwa macho mlangoni mwa darasa
na kesho yake akatupiwa mpira wa kikapu.
"Nilikuwa nimeandikisha jina kwenye kudarizi."
Kisha akakohoa, akauliza kama nimebakiza chupa za bluu.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Kuhusu zimwi likutibulo
hawakusema kitu.

Basi nisikilizeni habari za joka la barafu.
Lilipumua mara moja, na maelfi wetu wawili,
waganga wazuri, waliokokotolewa hadi nukta ya mwisho,
wakamwagika kama shanga uzi ukikatika.
Rihards akatukana kwa Kilatvia, akamalizia kwa Kirusi.
Likapumua tena. Akaanguka Rihards.
Zimwi likabaki limesimama,
si kwa ushujaa, tusidanganyane; ni nyama tu,
minofu isiyoisha kugandishwa.
Na ule mwanga wake hafifu, kasoro kumi na mbili,
ukanijia polepole,
kama mtu anayetunga uzi sindanoni kwa vidole vinene:
akakosa, akaulamba, akajaribu tena,
akakosa,
ukapita.

Dakika saba. Mimi, yeye na joka.

Tulishindwa. Lilikuwa limebakiwa na asilimia mbili
nami nikakanyaga pasipokanyagwa.
Kimya. Feni za kompyuta tu, miji mitano.
Kisha sauti ya Rihards, imepungua kimo:
"Kesho saa ngapi?"
"Nina zamu ya alfajiri," Vizma akasema. "Saa nne, kama leo.
Na mnitafutie joho refu."

Sijawahi kumwona uso. Namfikiria saa kumi na moja asubuhi,
akiinama kuingia chumba cha dereva
kilichopimiwa mtu mwingine,
reli nyeupe kwa baridi, bibi mmoja kituoni na kikapu chake,
na kengele, ile ndogo ya sakafuni,
akiibonyeza kwa kiatu namba arobaini na nne
taratibu, isimshtue.

Mimi jana nilifungua ukurasa wa mhusika mpya.
Nusu saa nzima, chai ikipoa,
kipanya juu ya kibeti,
kikitoka,
kikirudi.